Mchanga wa Mishumaa

Mimi ndiye muuza mishumaa,
kushoto ukiingia,
miaka kumi na tisa meza ileile
yenye mguu mfupi nilioutegemeza
kwa kijitabu cha zaburi.
Mungu anisamehe, au asinisamehe,
meza ilikuwa inayumba.

Ni mishumaa myembamba, ya nta ya nyuki.
Huku kwetu Armenia hatuisimamishi vinarani.
Kuna sinia la bati, mchanga, maji kidogo;
unachomeka wako kando ya wa jirani,
unapiga ishara ya msalaba, unakwenda zako.
Mchanga ni wa mtoni.
Nauchekecha mwenyewe.

Desemba ile ardhi ilijinyoosha
mara moja tu, kama mtu akiamka.
Chai yangu ilikuwa bado ya moto
shule ilipokaa chini.

Mher alikuwa na mafua. Angeweza kubaki.
Bibi yake ndiye aliyemfunga skafu,
bibi yake ndiye aliyesema:
mafua hayajaua mtu, nenda.

Wakaja wafariji, kila mmoja na lake,
kama waletavyo sufuria matangani.
Kazi ya Mungu haina makosa.
Mungu hamtupi mja wake.
Hamtupi, sawa.
Hakutupwa, aliangukiwa.

Kisha wakaja wahandisi kutoka Yerevan.
Mmoja, kijana, hata ndevu hana,
aliokota bonge la ukuta, akalifikicha.
Likamwagika kati ya vidole vyake.
Saruji iliuzwa kwingine, mama, akaniambia,
huu ni mchanga.
Akajifuta mkono kwenye suruali
na mimi nikautazama ule mkono
mpaka akaona haya.

Mkandarasi sote tunamjua, Surik.
Kila Pasaka alinunua kwangu mishumaa thelathini kwa mpigo
na hakungoja chenji.

Nikimlaumu Surik, Wewe unatoka mahakamani
umevaa kofia yako, huru.
Sitaki utoke.
Nikikulaumu Wewe, Surik anajenga shule nyingine.
Nimeligeuza hili usiku kucha kama mkate usioiva,
upande huu unaungua, upande ule unga mbichi.

Padri Ghevond aliniambia
Mungu hakuwamo katika tetemeko,
alikuwamo kifusini, pamoja na watoto.
Nikamuuliza:
siku nne tulichimba, tukitega masikio,
tukazima hata injini za malori tusikie.
Kama walikuwa na mtu mzima mle ndani,
mbona hakuita?

Padri alifungua kinywa, akakifumba.
Akachukua ufagio, akaanza kufagia
sakafu niliyokwisha kuifagia.
Nilimpenda kwa hilo kuliko kwa hotuba zake zote.

Sijawasha wangu tangu siku hiyo.
Nauza tu. Watu hawajui, au wanajua.
Nazijua dua zao kwa namna wanavyohesabu sarafu:
anayeombea mtihani huhesabu mara mbili,
aliyefiwa huweka noti na kuisahau.
Siombi. Siachi kuja.
Nikiulizwa hilo ni jambo gani, sina jina lake.
Labda nimekuja kudai,
na mdai huketi mlangoni.

Jioni nang'oa vishina, nachekecha.
Nta inabaki juu, mchanga unapita chini,
uleule wa mtoni,
punje kwa punje ule uliokuwa ukutani.
Hapa unashika mshumaa usianguke.
Kule dari.

Jana, kabla ya kuzima taa,
nilichomeka kidole mahali ambapo mshumaa wangu ungekaa.
Mchanga ulikuwa na joto.
La mishumaa ya watu, lakini joto.
Nikakiacha hapo muda, sijui kitambo gani,
mpaka ukapoa, au kidole kikazoea.

Nikafunga mlango.
Funguo ninazo mimi.